Ramani tatu za ufuniko wa ardhi, majibu matatu: nitumie ipi kwa bonde la Mto Msimbazi?

Mwanafunzi wa Uzamili (Ubungo) ameuliza:

Habari za majukumu, ndugu wanajukwaa. Ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu uhusiano kati ya mabadiliko ya ufuniko wa ardhi (yaani kilichoifunika ardhi, kama misitu, mashamba au majengo) na mafuriko katika bonde la Mto Msimbazi, kuanzia vilima vya Pugu na Kisarawe yanakoanzia maji hadi mto unapoingia baharini karibu na Daraja la Selander. Nimekusudia kutazama miaka 30, kwa kuwa hicho ndicho kipindi ambacho wataalamu wa hali ya hewa hukitumia kukokotoa wastani wa tabianchi.

Sina fedha za kununua picha, hivyo nategemea data zilizo wazi kwa umma. Nimepakua ramani tatu. Ya kwanza ni ile ya mpango wa tabianchi wa Shirika la Anga la Ulaya, yenye pikseli (vijimraba vinavyounda picha) za mita 300, inayotolewa kwa kila mwaka kuanzia 1992. Ya pili ni WorldCover, ramani ya dunia ya shirika hilohilo, ya mwaka 2020 na ya 2021, yenye pikseli za mita 10. Ya tatu ni ile ya Chuo Kikuu cha Maryland inayoonyesha upotevu wa miti kila mwaka tangu 2001, kwa pikseli za mita 30.

Nilipolikata eneo la bonde na kupima ukubwa wa misitu, kila ramani ilinipa jibu lake, tena tofauti si ndogo. Kilichonichanganya zaidi ni kwamba nilipolinganisha WorldCover ya 2020 na ya 2021, niliona miti "imeongezeka" katika sehemu za Kinyerezi ambako mimi mwenyewe nimeshuhudia viwanja vikifyekwa na nyumba zikijengwa. Msimamizi wangu ameniuliza ni ramani ipi iliyo ya kweli, nami sikuwa na la kumjibu. Je, ninaweza kuchukua ramani ya 1992 kutoka kwenye ile ya kwanza, nikachukua ya 2021 kutoka WorldCover, kisha nikatafuta tofauti kati yake? Naomba mwongozo wenu.

Mchambuzi wa Picha za Setilaiti (Mwenge) amejibu:

Mdogo wangu, nianze na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lenye hatari. Usitafute mabadiliko kwa kutoa ramani moja kutoka nyingine ikiwa zilitengenezwa kwa njia tofauti. Hata WorldCover ya 2020 na ya 2021, ingawa zina jina moja na makundi yaleyale 11, zilikokotolewa kwa matoleo mawili tofauti ya programu, na watengenezaji wake wanaonya waziwazi kwamba tofauti kati yake imechanganya mabadiliko ya kweli ya ardhini na mabadiliko ya ukokotoaji. Miti uliyoiona ikiongezeka Kinyerezi huenda haikuota popote isipokuwa ndani ya kompyuta.

Tazama hesabu hii. Tuchukulie kwamba una ramani mbili, kila moja ni sahihi kwa asilimia 80, na makosa ya moja hayahusiani na makosa ya nyingine. Uwezekano wa pikseli moja kuwa sahihi katika ramani zote mbili ni 0.8 mara 0.8, yaani asilimia 64 tu. Usahihi uliotangazwa wa WorldCover kwa dunia nzima ni takriban asilimia 74 kwa toleo la 2020 na takriban asilimia 77 kwa la 2021. Ikiwa mabadiliko halisi katika bonde lako ni asilimia chache tu za eneo, basi yatamezwa na makosa, na utaandika sura nzima kuhusu mabadiliko ambayo hayakutokea.

Kuhusu swali la msimamizi wako, ninaomba umjibu kwa heshima kwamba ramani hizo zilijibu maswali tofauti. Ramani ya Maryland huhesabu mimea inayozidi urefu wa mita 5, na wewe ndiye unayeamua kuanzia asilimia ngapi ya kivuli cha miti (ardhi iliyofunikwa na matawi) utaiita sehemu hiyo msitu. WorldCover huliweka eneo katika kundi la miti hata kama miti imefunika asilimia 10 tu. Tanzania, katika hesabu zake za misitu kwa ajili ya mkataba wa mabadiliko ya tabianchi, hutambua msitu kuwa eneo lisilopungua nusu hekta, lenye miti inayoweza kufikia mita 3 na kufunika angalau asilimia 10 ya ardhi. Kwa hiyo kichaka cha pwani chenye miti ya mita 4 ni msitu kwa hesabu za taifa, lakini hakionekani kabisa katika ramani ya Maryland. Huo si uongo wa upande wowote.

Halafu kuna ukubwa wa pikseli. Pikseli ya mita 300 ni hekta 9, na kwa kiwanja cha mita 20 kwa 20 ambacho watu wengi hapa mjini wanakijua, hekta 9 ni viwanja 225. Mtaa mzima wa Vingunguti wenye nyumba, migomba, mtaro na uwanja wa mpira utapewa jina moja tu. Ramani hiyo ilitengenezwa ili kulisha modeli za tabianchi ambazo hutazama dunia kwa miraba ya kilomita nyingi, na kwa kazi hiyo inafaa sana. Kwa bonde dogo kama la Msimbazi haikufai.

Ushauri wangu ni kwamba utengeneze mfululizo wako mwenyewe kutoka picha za Landsat, setilaiti za Marekani, ambazo zimekuwa bure kwa kila mtu tangu 2008. Landsat 5 ilianza kupiga picha 1984 na ikastaafishwa 2013, Landsat 8 ikaanza mwaka huohuo wa 2013, na Landsat 9 ikaongezeka 2021. Unapotafuta picha, Dar es Salaam ipo katika njia ya 166, safu ya 65, yaani namba za kipande chake katika orodha ya Landsat. Jihadhari na Landsat 7, kwa kuwa tangu tarehe 31 Mei 2003 kifaa chake kimoja kiliharibika na kila picha ina mistari mitupu inayokula takriban asilimia 22 ya eneo. Picha za miaka ya 1990 katika ukanda wetu ni chache na zina mawingu, hivyo usijifunge kwenye mwaka mmoja. Unganisha picha za miaka miwili au mitatu inayokaribiana, kisha tumia njia ileile ya uainishaji (kuzipanga pikseli katika makundi ya ardhi) kwa vipindi vyote.

Mstaafu wa Misitu (Kisarawe) amejibu:

Mwanangu, nimeifanya kazi ya misitu ya pwani kwa muda mrefu, na mwenzangu aliyetangulia amesema kweli. Mimi naongeza yale ambayo kompyuta haiwezi kukuambia mpaka uvae viatu ukatembee.

La kwanza ni mikorosho. Kuanzia Kisarawe hadi Mkuranga kuna mashamba makubwa ya mikorosho, miembe na minazi, na ukiyatazama kutoka angani, hasa mikorosho mikubwa iliyogusana matawi, yanafanana na msitu. Setilaiti haikosei inaposema hapo pana miti, maana miti ipo. Kosa ni letu tunapotafsiri neno "miti" kuwa "msitu wa asili". Shamba la mikorosho lililopaliliwa lina udongo mtupu chini yake, na mvua ikinyesha maji hukimbia. Msitu wa Pugu una majani makavu, mizizi na vichaka vinavyoyazuia maji yakanywewa na ardhi. Kwa mtu anayechunguza mafuriko, hizo ni ardhi mbili tofauti kabisa, na hakuna hata moja kati ya ramani zako tatu inayozitenganisha kwa namna unayoihitaji.

La pili ni mkaa. Mchoma mkaa mara nyingi hafyeki eneo lote. Anachagua mti huu leo na ule kesho. Kwa juu, kivuli cha miti kinabaki kijani kwa miaka, na ramani inaendelea kuandika "msitu", kumbe ndani umekonda. Nimesimama katika sehemu za msitu wa hifadhi wa Kazimzumbwi ambazo karatasi ilisema ni msitu mzuri, nikaona visiki vingi kuliko miti, na moyo uliniuma. Tafadhali usiandike kwamba msitu "haujabadilika" kwa sababu tu pikseli haijabadilika. Andika kwamba haujafyekwa, kisha ueleze kuwa kukonda kwa msitu ni jambo lingine linalohitaji vipimo vya ardhini. Vipimo vya namna hiyo vilifanyika kitaifa katika tathmini ya rasilimali za misitu iliyojulikana kama NAFORMA, ambayo ilikadiria kuwa nchi ilikuwa na hekta milioni 48.1 za misitu.

La tatu ni miezi. Usilinganishe picha ya Mei, masika yanapomalizika na kila nyasi imesimama kijani, na picha ya Septemba. Chagua kipupwe, Juni hadi Septemba, kwa kila kipindi. Mawingu huwa machache, na nyasi zikikauka zinatengana na miti.

Mhandisi wa Mifereji (Ilala) amejibu:

Shikamoo mzee wangu wa Kisarawe, na salamu kwa wengine wote. Ningependa kumrudisha muulizaji kwenye neno "mafuriko", kwa sababu naona mjadala umeelemea kwenye misitu.

Vilima vya Pugu ni muhimu, lakini sehemu kubwa ya bonde hilo leo ni mji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa wa Dar es Salaam, na ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Watu hao wamejenga, na kila paa la bati, kila ua uliosakafiwa na kila barabara ya lami ni mahali ambapo maji hayaingii tena ardhini. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliyoua zaidi ya watu 40, na ambayo baada yake familia nyingi za mabondeni zilihamishiwa Mabwepande, yalitokana na mvua kubwa isiyo ya kawaida, lakini maji yalifika katika mji ambao tayari ulikuwa umeikaza ardhi yake. Kwa hiyo kundi unalolihitaji kuliko yote ni ardhi iliyokazwa, na hilo ndilo gumu kulipata, kwa sababu bati lililopata kutu na udongo mwekundu hufanana sana katika picha za Landsat.

Kwa hili, usitegemee picha za Landsat peke yake. Google ilitoa mwaka 2021 data za maumbo ya majengo ya Afrika, Open Buildings, na kuna toleo jingine linaloonyesha majengo mwaka kwa mwaka kuanzia 2016 hadi 2023. Aidha, mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 uliwashirikisha wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa kata zinazofurika kuchora majengo, njia na mitaro ya mji huu katika OpenStreetMap, ramani huru ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, na kazi yao iko wazi kwa yeyote. Ninaithamini sana kazi hiyo kwa sababu mtaro wenye upana wa mita moja hauwezi kuonekana katika pikseli yoyote ya bure, ilhali mtaro huohuo, ukiziba kwa mchanga na takataka, ndio unaoamua maji yaingie nyumba ya nani.

Kuna jambo dogo ambalo liliwahi kuniharibia wiki nzima. Karatasi za zamani za ramani za nchi yetu za skeli ya 1:50,000 zilichorwa kwa mfumo wa majira-nukta (wa kuonyesha mahali duniani) uitwao Arc 1960, wakati data za setilaiti hutumia WGS84. Ukizipandanisha bila kubadilisha mfumo, mto wako utahama karibu mita 300, na utashangaa kwa nini Msimbazi unapita juu ya mapaa ya watu.

Kuhusu mvua, data za CHIRPS, makadirio ya mvua yanayotumia setilaiti na vituo vya vipimo, ni za bure na zinaanzia 1981, ila mraba wake mmoja ni kama kilomita 5, hivyo bonde lako lote litaangukia katika miraba michache. Zitakufaa kuona mwelekeo wa vuli na masika kwa miaka mingi. Kwa mvua ya saa mbili iliyojaza Jangwani, omba vipimo vya vituo kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Mwanafunzi wa Uzamili (Ubungo) ameandika:

Shikamooni wakubwa zangu, nawashukuru sana. Nimekaa na msimamizi wangu na tumebadilisha swali la utafiti: badala ya kuuliza msitu umepungua kiasi gani, nitauliza ni ardhi kiasi gani imeacha kunywa maji, na imeacha katika sehemu gani ya bonde. Nitatengeneza ramani za vipindi vinne kutoka Landsat kwa miezi ya kipupwe, na mikorosho itakuwa kundi lake peke yake. Ramani ya mita 300 nitaitaja katika sura ya mapitio tu. Limebaki swali moja: nukta za uhakiki (mahali pa kupima kama ramani imesema kweli) ziwe ngapi, na kwa miaka ya 1990, ambayo siwezi kuirudia kwa miguu, nifanyeje?

Mchambuzi wa Picha za Setilaiti (Mwenge) amejibu:

Wengi huanzia nukta 50 kwa kila kundi, zikichaguliwa kwa bahati nasibu ndani ya kundi husika. Wewe ongeza kwa kundi la ardhi iliyogeuka kutoka mimea kuwa majengo, kwa sababu ni dogo kwa eneo lakini ndilo lenye hoja yako yote. Ukubwa wa mwisho wa eneo usiupate kwa kuhesabu pikseli. Ukokotoe kutoka kwenye nukta hizo, na uandike pamoja na kiwango cha uhakika, yaani kuanzia kadirio la chini hadi la juu, hata kama kitakuwa kipana kuliko unavyopenda.

Kwa miaka ya 1990, tafuta picha za zamani zilizopigwa na ndege, ambazo huulizwa katika idara ya upimaji na ramani ya wizara ya ardhi. Pia nenda Kinyerezi na Pugu ukaulize wazee walioishi hapo kabla ya viwanja kupimwa. Wachoree eneo kwenye karatasi, wakuonyeshe lilipokuwa shamba na lilipokuwa pori, kisha urudi kwenye picha ya Landsat ya miaka hiyo uone kama inakubaliana nao. Pale inapokataa, iweke nukta hiyo kando na uandike sababu.

Mstaafu wa Misitu (Kisarawe) amejibu:

Ukija Kisarawe, njoo asubuhi kabla jua halijawa kali. Nitakupeleka kwenye mpaka wa zamani wa hifadhi, nguzo kadhaa bado zipo, nawe uje na kipokezi chako cha GPS chenye betri za akiba.