Mtemi Mirambo wa Wanyamwezi aliwavizia Waarabu wapi hasa, ni Ulyankulu hii ya leo?

Nyuki_wa_Urambo:
Mwangaluka wakuu. Agosti 1871 kikosi cha Waarabu wa Tabora kilikuwa kinarudi na pembe za ndovu na vitambaa walivyoteka, rugaruga (askari) wa Mirambo wakatokea kwenye nyasi ndefu pande mbili za njia, kiongozi wa Waarabu Saud bin Said akafia palepale. Stanley, yule mwandishi aliyekuja kumtafuta Livingstone, kaandika ni kati ya vijiji vya Wilyankuru na Zimbizo. Huku tunaambiwa Wilyankuru ndo Ulyankulu ya leo basi imeisha hiyo, ila nikiuliza njia yenyewe ilipita wapi kila mzee ananionyesha upande wake. Sasa baba mkubwa akipiga matuta ya tumbaku kapata gololi ya risasi, ndogo ila nzito, imepiga weupe kama imepakwa chokaa. Ndo penyewe?

Binti_Kwihara:
Kaka, Stanley hakuliona lile shambulio, alikuwa kalala na homa Zimbizo, kasimuliwa na waliokimbia, na mtu anayekimbizwa na rugaruga hakariri njia. Halafu majina kwetu yanahama, mtemi akihamisha ikulu jina linaweza kwenda naye, tena 1974 watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa ndo ikavurugika kabisa. Jina la leo lisikupe uhakika.

Mzee_Miembe:
Mwanangu, gololi moja usiitegemee. Sisi tumewinda na gobore miaka na miaka, hiyo inaweza kuwa ya mtu aliyekosa swala. Ila zikiwa nyingi, zimetawanyika kufuata mstari kama wa njia, hapo kuna neno.

Fundi_Nzega:
Ujerumani nao walibishana miaka na miaka Waroma wa jenerali Varus, legioni (majeshi) 3 nzima, waliangamizwa wapi mwaka 9 BK. Kuanzia 1987 mwanajeshi wa Kiingereza Tony Clunn akapita na detekta (mashine ya kutafutia madini) huko Kalkriese, akaokota sarafu, baadae risasi za kombeo, wataalamu wakaja kuchimba na bado wapo wanaobisha. Kilichosaidia ni kujua kila kitu kimetoka wapi. Kwa hiyo nakuomba sana usiwaite vijana wa dhahabu na detekta zao, wakishazoa wakatia mfukoni ushahidi umekufa. Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964, anzia kwa watu wa makumbusho pale Kwihara, karibu na Tabora.

Nyuki_wa_Urambo:
Shikamoo mzee, asanteni wote. Baba mkubwa tuta analikumbuka, lipo chini ya mninga. Trekta ilikuwa iingie Ijumaa, nimemwomba asubiri kakubali, kesho naenda kuweka kigingi.