Ukoo wa Bibi Somoe: Zuhura ana usaili Jumatano

JUMATATU USIKU

Zuhura: Shikamooni wakubwa. Wadogo, hamjambo? Nimepigiwa simu leo, naitwa kwenye usaili Jumatano saa 3 asubuhi. Nafasi ya karani wa ghala, ghala la korosho hapa Mtwara, njia ya kwenda Mikindani.

Shangazi Rukia: Marahaba mwanangu. Tunajua tangu saa 8 mchana 😂 Hongera sana.

Mama: Mimi nilimwambia Rukia peke yake.

Juma: Mama, ukimwambia shangazi peke yake umeiambia Shangani yote mpaka feri.

Zuhura: Ngojeni kufurahi kwanza. Kuna swali linaninyima usingizi. Lazima wataniuliza kwa nini niliondoka kule kazini kwa mwanzo. Nikilifikiria tu ulimi unakuwa mzito. Niwaambieje kwamba nilifukuzwa?

Kaka Salumu: Waambie ukweli wote. Bosi alimleta shemeji yake, akampa meza, ninyi mkatolewa. Na zile safari hewa za malori, mafuta yananunuliwa na lori liko gereji, zitaje pia. Wajue.

Mjomba Hamisi: Salumu, huyo anakwenda kuomba kazi, haendi polisi.

Shangazi Rukia: Mimi naona aseme alikuwa anamuuguza mama yake. Nani atakwenda kuhakikisha?

Mama: Rukia! Mimi sijaugua tangu malaria ya mwaka juzi. Msiniuguze bure.

Juma: Pole mama. Tulikuwa hatujui kama uko mahututi.

Bibi Somoe: 🎤 Ujumbe wa sauti, 0:48

Juma: Kwa walioko kazini: Bibi anasema ukimsingizia mzima ugonjwa, unauita. Halafu sekunde 30 zilizobaki anamfukuza kuku jikoni.

Mjomba Hamisi: Zuhura, ngoja nikusimulie, maana mimi nilishaanguka shimo hilo. Mwaka 2014 katikati, pipa la mafuta duniani lilikuwa juu ya dola 100. Kufika mwanzo wa 2016 likawa chini ya dola 30. Meli za kutafuta gesi zikaondoka hapa bandarini moja moja. Sisi tuliokuwa tunazipelekea maji na chakula tukabaki tunatazama bahari. Nikapewa barua, mimi na wenzangu 20 na kitu. Mwaka uliofuata nikaitwa usaili Dar. Kutwa nzima kwenye basi najisemesha: "Mkataba wangu uliisha, mkataba wangu uliisha." Nikaingia, nikaulizwa, nikasema mkataba uliisha. Mama mmoja wa makamo akafungua bahasha yangu, akatoa karatasi, akaisoma taratibu. Barua ya kupunguzwa! Nilikuwa nimeibana mimi mwenyewe kwa pini, pamoja na vyeti.

Juma: 😂😂😂 Mjomba!

Mjomba Hamisi: Cheka tu. Yule mama hata hakukasirika. Aliniuliza, "Hapa pana aibu gani mpaka uifiche?" Sikuwa na jibu. Kupunguzwa kusingeninyima ile kazi. Nilinyimwa kwa sababu kuanzia pale hata jina langu wangelitilia shaka.

Shangazi Rukia: MING'OKO YA MOTO IPO, FUNGU ELFU MOJA, WAHI KABLA HAIJAISHA

Shangazi Rukia: Samahanini, hiyo ilikuwa ya kikundi cha mtaa.

Kaka Salumu: Niwekee mafungu mawili.

Dada Mwanahawa (Dar): Shikamooni. Nilikuwa kwenye daladala, nimesoma yote nimesimama. Zuhura mdogo wangu, mimi ofisini kwetu nakaa upande wa pili wa ile meza, kwa hiyo nisikilize. Umeandika hapo juu kwamba ULIFUKUZWA. Ulifukuzwa?

Zuhura: Si ndiyo hivyo dada. Tulitemwa watu 14.

Dada Mwanahawa (Dar): Sasa unasema mmetemwa. Hebu nijibu haya. Mliitwa kikao kabla? Mliambiwa sababu? Ulilipwa kiinua mgongo?

Zuhura: Tuliitwa. Chama cha wafanyakazi kilikaa na uongozi mara mbili. Sababu walisema mkataba wa kusomba saruji umeisha na haukuongezwa, malori 9 yanauzwa. Kiinua mgongo nililipwa siku 28.

Dada Mwanahawa (Dar): Kwa sababu ulikaa miaka mingapi?

Zuhura: Minne na miezi mitatu.

Dada Mwanahawa (Dar): Basi hesabu imekaa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka siku zisizopungua 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10. Saba mara nne, 28. Mtu aliyeachishwa kihalali kwa wizi au utovu wa nidhamu haipati hiyo. Na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, je, fao la kukosa ajira ulichukua?

Zuhura: Nililipata. Theluthi ya mshahara, miezi 6.

Dada Mwanahawa (Dar): Na hilo aliyeacha kazi mwenyewe halipati. Unaona? Karatasi zako zote zinasema hukufukuzwa na hukuacha. Ni wewe tu unayejifukuza kila ukifungua mdomo. Kuna kufukuzwa, kuna kuacha, kuna kusimamishwa, kuna mkataba kuisha, kuna kupunguzwa. Mtu wa ofisini akisikia "nilifukuzwa" anaanza kujiuliza umeiba nini. Akisikia "nafasi yangu ilipunguzwa" anauliza kampuni ilipatwa na nini. Huko ndiko unakotaka aangalie.

Mama: Mwanahawa, Mungu akuweke.

Kaka Salumu: Lakini ya shemeji ni kweli! Alibaki na kazi, Zuhura akatoka.

Dada Mwanahawa (Dar): Kaka, sikatai. Sisemi adanganye, nasema si mahali pake. Mimi mtu akimsema bosi wake wa zamani mbele yangu, dakika mbili tu, nashika kalamu naandika: huyu naye kesho atatusema sisi. Anaweza kuwa na haki asilimia 100 na bado nikaandika hivyo. Kama shemeji alimuuma, ilikuwa apeleke shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Hazipo tena.

Zuhura: Sikutaka kesi. Mji wenyewe huu.

Mjomba Hamisi: Haya, tufanye mazoezi. Mimi ndiye mwenyekiti wa jopo. Juma asiandike kitu.

Juma: 🤐

Mjomba Hamisi: Bi Zuhura, tumeona kwenye maelezo yako uliondoka kazini Machi mwaka jana. Kwa nini?

Zuhura: Shikamoo mzee. Kwa kweli ilikuwa kipindi kigumu sana, kampuni ilikuwa na matatizo mengi, unajua, na sisi wafanyakazi wa chini hatukuwa na la kufanya, na mimi nilikuwa nafanya kazi vizuri tu wala sikuwahi kuandikiwa barua ya onyo hata siku moja, unaweza kuwauliza, yaani hata mwenyewe nilishangaa

Dada Mwanahawa (Dar): Simama hapo. Hajakuuliza kama uliwahi kuonywa, umejitetea mwenyewe. Andika upya, mistari miwili.

Zuhura: Ngoja.

(dakika 11)

Zuhura: "Kampuni ilipoteza mkataba wake mkubwa wa usafirishaji, ikapunguza wafanyakazi 14 kati ya 41, na nafasi yangu ya stoo ilikuwa mojawapo. Tangu hapo nimefanya msimu mzima wa korosho kama karani wa mizani kwenye AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, na ndiyo iliyonifanya niombe kazi hii."

Mjomba Hamisi: Eee! Sasa huyo ni mtu.

Dada Mwanahawa (Dar): Hapo hapo. Ukimaliza, NYAMAZA. Watakaa kimya, wataandika, mmoja atakohoa. Usijaze ule ukimya. Wengi wanaharibu pale.

Shangazi Rukia: Na wakimuuliza kwa nini yeye, wengine wakabaki?

Dada Mwanahawa (Dar): Swali zuri shangazi. Kipimo walichotumia kilikuwa nini, Zuhura?

Zuhura: Aliyeingia mwisho atoke kwanza. Stoo tulikuwa watatu, mimi ndiye niliyekuwa mgeni. Yule shemeji alikuwa idara nyingine.

Dada Mwanahawa (Dar): Basi jibu ndilo hilo, na sentensi ya mwisho ibaki humu humu kwenye kikundi.

JUMANNE

Zuhura: Kuna jingine. Ile kazi ya AMCOS niiandike kwenye CV? Ilikuwa kibarua tu, Oktoba mpaka mwanzo wa Januari.

Mjomba Hamisi: Ulikuwa unafanya nini pale?

Zuhura: Kupima. Mkulima analeta, namwaga kidogo naangalia kama kuna mawe au korosho zilizooza, naweka gunia kwenye mizani, naandika kilo, namwonyesha mwenyewe asome kabla sijakata risiti. Maana wazee wengine hawasomi, nilikuwa nawaita na mtoto wao asome kwa sauti. Jioni jumla ya risiti lazima ilingane na magunia yaliyopakiwa kwenda ghala kuu. Siku moja ilizidi kilo 80, gunia zima, tukahesabu mpaka saa 4 usiku kwa tochi ya simu. Kumbe risiti moja iliandikwa mara mbili.

Dada Mwanahawa (Dar): Na unauliza kama uiandike??

Mjomba Hamisi: Mtoto huyu. Ghala linatafuta mtu wa kulinganisha karatasi na magunia, na yeye amelala macho kwa gunia moja, halafu anaita kibarua.

Zuhura: Nimeandika. Nikachapishe wapi, ile steshenari ya pale sokoni Chikongola bado ipo?

Juma: Ipo. Nakupeleka na boda. Bure leo tu.

Mama: Barua ya kupunguzwa usiiache.

Mjomba Hamisi: Na usiibane kwa pini 😂

JUMATANO

Mama: Ametoka saa 2 kamili. Kanga ya kijani, viatu vya Mwanahawa.

Shangazi Rukia: Dua jamani.

Bibi Somoe: 🎤 Ujumbe wa sauti, 1:12

Juma: Ni dua. Safari hii kuku hayupo.

Kaka Salumu: Kimya sana. Saa 6 sasa.

Zuhura: Nimetoka. Nipo chini ya mkorosho nje ya geti, nangoja Juma.

Mama: Haya sema!

Zuhura: Walikuwa watatu. Swali la tatu tu likaja. Nikasema mistari yangu miwili, nikanyamaza. Jamani ule ukimya! Juu ya meza kulikuwa na kipimo cha unyevu, kile cha korosho, kina vumbi la maganda kwenye kioo. Nikakikazia macho hicho mpaka nikakijua namba zake. Nikahesabu kimoyomoyo. Nilikuwa nimefika 9 mzee akasema, "Huo mkataba wa saruji tuliusikia. Malori yale mawili ya bluu tuliyanunua sisi."

Juma: Hahahaha wee!

Zuhura: Basi angalieni ningesema nilikuwa nauguza. Halafu akauliza alichouliza shangazi, kwa nini wewe. Nikasema stoo tulikuwa watatu, walitumia utaratibu wa aliyeingia mwisho atoke kwanza, na wa mwisho nilikuwa mimi. Yule wa pili akauliza nina kinyongo nao? Hilo hatukufanya mazoezi.

Dada Mwanahawa (Dar): Ukasemaje?

Zuhura: Nilitaka kusema hapana. Nikaona nitakuwa mwongo usoni. Nikasema, "Miezi ya mwanzo iliniuma. Korosho zilipoanza sikupata nafasi ya kuumia." Wakacheka. Baada ya hapo sikuulizwa tena habari za kule, wakanisukumia kile kipimo, wakaleta korosho kwenye sahani: mzigo ukija na unyevu unafanyaje? Nikasema hauingii ghalani, unarudi kuanikwa, na mwenye mzigo anaambiwa mbele ya mizani, siyo jioni kwa simu.

Mjomba Hamisi: Ningekuwepo ningekuajiri jana.

Kaka Salumu: Shemeji hukumtaja?

Zuhura: Sikumtaja kaka. Ila nilimfikiria.

Kaka Salumu: Hiyo inatosha.

Zuhura: Wamesema watapiga simu Ijumaa, tulioitwa ni 6. Na jingine, mama. Yule dada wa mapokezi anasoma darsa na wewe siku za Alhamisi. Jambo la kwanza aliloniuliza, kabla hata sijakaa: "Mama yako hajambo? Juzi alitusomea vizuri sana."

Juma: 💀💀💀

Mama: Rukia.

Mama: Rukia, naona umesoma.

Shangazi Rukia: Nipo jikoni wifi.

Mama: Niletee mafungu matatu ya ming'oko. Mgonjwa ana njaa.