Mrejesho: Mama aliyepooza mkono akiwa kwenye ARV

Ndugu zangu, niliwauliza kwa nini mama, miaka 52, anayemeza ARV tangu 2009 na virusi havionekani kwenye kipimo, alipooza mkono ghafla. Ni kiharusi. MRI (kipimo cha picha ya ubongo) imeonyesha mshipa mmoja wa ubongo umekuwa mwembamba. Daktari anasema hata virusi vikifubazwa, uvimbe wa chinichini (inflamesheni, si uvimbe wa saratani) huendelea kuharibu kuta za mishipa kwa miaka. Na presha yake, ambayo sisi wenyewe hatukuifuatilia (inaniuma sana), ikazidisha. Sasa ana aspirini, dawa ya presha na statini (dawa ya kushusha kolesteroli). Nimesoma utafiti wa REPRIEVE, 2023: pitavastatini, aina mojawapo ya statini, ilipunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa (kama mshtuko wa moyo na kiharusi) kwa asilimia 35 kwa wenye VVU. ARV anaendelea nazo. Jana ameshika kikombe mwenyewe, nikalia.