Naomba ushauri: kiti cha povu cha gari la mashindano
Ndugu wanachama, natengeneza gari dogo la mashindano hapa Nairobi, na ningependa kiti kinachofuata umbo la mwili wangu, kwa kumimina povu la poliyurethani (aina ya plastiki) la vimiminika viwili vinavyochanganywa, ndani ya mfuko mzito wa plastiki, kisha kuukalia nikiwa nimevaa ovaroli na helmeti hadi povu livimbe na kuwa gumu. Kinachonitia wasiwasi ni joto linalotokana na vimiminika hivyo kumenyuka, pamoja na mvuke wa isosianeti (kemikali iliyo katika kimojawapo), unaodhuru mapafu. Je, nimimine kwa awamu, au nitumie chembe za polisterini zilizochanganywa na epoksi (gundi inayokauka na kuwa ngumu)? Pia, katika eneo la viwanda la Nairobi (Industrial Area) ni nani anayeuza povu gumu, si la magodoro, kwa kiasi kidogo?