Mrejesho: Programu ya uhasibu imehamia kwenye wingu, ila si kila kitu

Wakuu, niliuliza jinsi ya kuhamisha programu ya uhasibu ya kampuni kutoka seva ya ofisini kwenda kwenye wingu (seva za kukodi mtandaoni) bila kuvuruga hesabu. Asanteni sana mliojibu.

Nilimfuata aliyesema tusibebe miamala yote ya zamani. Tulihama mwanzoni mwa mwaka wa fedha, tukaingiza masalio ya kuanzia na ankara ambazo hazijalipwa, moja moja. Kisha tukalinganisha urari (muhtasari wa masalio ya akaunti zote) wa mfumo wa zamani na mpya. Leja kuu (daftari la akaunti zote) ilikubali, orodha ya wateja tunaowadai ikagoma kulingana: kumbe malipo ya awali ya wateja yalisomwa kama madeni. Kuendesha mifumo miwili sambamba kunachosha (wahasibu walininunia kweli), lakini ndiko kulikofichua kodi iliyokuwa ikikokotolewa juu ya bei ambayo tayari ina kodi.

Kilichoshindikana: viambatisho vya ankara za zamani havikuhama, na ripoti tulizojitengenezea inabidi zisukwe upya, kadhaa bado. Seva ya zamani tumeiacha ya kusoma tu, na nakala rudufu yake iko nje ya ofisi. Uliyeshauri tusikatize leseni yake mapema, ubarikiwe. Wakaguzi wameshaihitaji.