Fangasi chini ya matiti: klotrimazoli, nistatini au ile tyubu ya mchanganyiko?

MamaDagaa (Kibirizi): Wadau, naanika dagaa hapa Kibirizi, jasho kutwa. Chini ya matiti kumekuwa kwekundu, kunalowa na kuwasha, na pembeni kumezuka vipele vidogo vidogo. Duka la dawa nimewekewa tyubu tatu kaunta: klotrimazoli, nistatini, na moja ya mchanganyiko ambayo muuzaji anaisifia kuwa "inamaliza haraka". Nichukue ipi?

Ujiji_Stendi: Mchanganyiko, dada. Mimi nilipaka kinena, siku mbili muwasho kwisha.

NesiMstaafu: Ukarudi lini?

Ujiji_Stendi: Wiki ya tatu. Ila nikapaka tena.

NesiMstaafu: Ndiyo hapo. Mama, geuza boksi usome: ukiona betamethasoni au klobetasoli, hiyo ina steroidi. Inazima wekundu na muwasho upesi, ila fangasi inabaki imejificha, huioni sura yake tena. Na ngozi ya kwenye mikunjo ni laini, inafyonza steroidi kuliko ya mkononi. Ukiizoea inakuwa nyembamba na kuchora michirizi.

MwanaMwanga: Mimi terbinafini ilinitoa choa shingoni. Si hiyo tu?

NesiMstaafu: Choa ni duara lenye ukingo ulioinuka, katikati kunapona. Hapo terbinafini ni kiboko. Anachoeleza mama, wekundu wenye unyevu na vipele pembeni, kinafanana zaidi na kandida, fangasi wa aina nyingine, na kwa kandida terbinafini haina nguvu sana. Nistatini ni kinyume chake: kandida inaiweza, choa haiigusi. Klotrimazoli ya asilimia 1 inapiga zote mbili, kwa hiyo kama huna uhakika mimi ningeanza nayo. Asubuhi na jioni, safu nyembamba, wiki mbili hadi nne. Muwasho ukiisha usiache.

BintiMise: Bibi alikuwa anatupaka mise, yaani mafuta ya mawese, kwa kila kipele.

NesiMstaafu: Kwa ngozi kavu sawa. Kwenye mkunjo unaolowa, mafuta yanafungia jasho ndani. Apakaushe kwanza.

Mvuvi_Kigoma: Kukauka ndiyo siri. Mimi nilikuwa nashinda na bukta mbichi ya ziwani. Nikapaka krimu siku tano, nikajiona nimepona, nikaacha. Ikarudi. Kwa hasira nikatumia dawa ya kupaka ya Whitfield kinena, jamani, nilitembea kama bata hadi jioni. Ile ina asidi, si ya sehemu laini.

MamaDagaa: 😂 Pole kaka. Nimechukua klotrimazoli. Naosha, nasubiri pakauke kabisa, napaka, kisha naweka kipande cha kanga ya zamani hapo chini. Kikilowa nabadilisha.

NesiMstaafu: Vizuri, pamba inanyonya. Hivi ni mara ya ngapi?

MamaDagaa: Ya tatu tangu Pasaka.

NesiMstaafu: Basi pitia zahanati upime sukari. Kandida inayorudirudi wakati mwingine ndiyo inayoanza kuitambulisha kisukari. Na kama wiki mbili zitapita bila nafuu, wakuangalie hiyo ngozi.

MamaDagaa: Siku ya tisa leo. Pamekauka, limebaki doa jeusi tu. Naendelea kupaka. Sukari nimepima, iko sawa.

Ujiji_Stendi: Nesi, nimetoa boksi langu. Klobetasoli. Na hii michirizi ya mapajani nilidhani ni unene.

NesiMstaafu: Usiongeze hata tone. Kesho nenda na hilo boksi ukamwonyeshe daktari.