Fundi wa pale mnapopajua amenifungia kandambili kwenye springi

Wakuu wa Mtwara na Lindi, naandika mikono ikiwa bado na grisi, kwa sababu nikisubiri hadi kesho nitakuwa nimeshafanya jambo la kunifikisha kituoni. Fundi mwenyewe simtaji, kwa kuwa kila mwenye gari la mizigo kuanzia Mikindani hadi Nanguruwe anamfahamu, na nusu yetu tumeshaacha fedha chini ya ule mwembe wake.

Nilimpelekea Land Cruiser yangu ya pikapu abadilishe boliti na bushi zote, yaani vile vikombe laini vinavyoizunguka boliti, za shakeli za nyuma, vile vyuma vinavyouning'iniza mkia wa springi kwenye chesisi. Vifaa nilinunua mwenyewe: boliti zenye namba 10.9 kichwani, yaani za chuma kigumu, nati zenye nailoni ndani, na bushi nyekundu za poliyurithini badala ya zile za mpira zilizokuwa zimelika hadi chuma kikawa kinasaga chuma. Kila nilipopanda Newala na mzigo, gari lililia kama lango la gereza, na kwenye kona nyuma yake ilikwenda upande wake. Springi ikielemewa hunyooka na kurefuka, na shakeli ndiyo inayoipa nafasi ya kurefuka. Bushi ikifa, boliti huanza kutafuna tundu, na tundu la chesisi likishapanuka, hapo ni kuchomelea.

Leo asubuhi, siku tatu tu baada ya kazi hiyo, nililala chini ya gari na tochi. Kwenye shakeli ya kushoto nikaona kitu cha bluu. Nilikichokoa kwa bisibisi, kikatoka kipande cha kandambili, bado kina ile michirizi ya kuzuia utelezi. Kandambili, wakuu! Magunia ya korosho, utingo wangu na roho yangu vyote vilikuwa vimetundikwa kwenye kandambili ya bluu.

Nikamrudia na kipande mkononi. Alikitazama, akatafuna muhogo wake bila haraka, kisha akaniambia mbele ya wateja wote: "Mzee wangu, mpira ni mpira." Nina watoto wanaomzidi umri, naye ananiambia mpira ni mpira! Bushi zangu nyekundu hivi sasa zinatembea kwenye gari la mtu mwingine, na mimi naambiwa, muhogo ukiwa mdomoni, kwamba mpira ni mpira.

Mvuvi wa Msimbati: Pole sana mkuu, lakini wewe ulikuwa wapi? Mtu akishanunua boliti za 10.9 hamwachii fundi na kwenda kunywa chai. Unakaa hapo hapo, unahesabu kila kinachoingia na kila kinachotoka.

Mkulima Tandahimba: Afadhali yako wewe uliona. Mimi aliniwekea bushi za mpira kweli, ila alikaza nati hadi mwisho gari likiwa bado juu ya jeki na magurudumu yananing'inia. Bushi ya mpira imeshikana na bomba lake la ndani, kwa hiyo gari lilipotua ule mpira ukajisokota na kubaki hivyo, na msimu haukuisha ukawa umechanika. Kukaza kwa mwisho hufanyika gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Nilipomweleza, aliniuliza nimesomea wapi.

Dereva wa Liwale: Nyote mko karibu na lami. Mimi nina zile boliti zenye njia ya grisi ndani, na kwa njia ya Nachingwea kuja Liwale vumbi huziba kile kitundu kabla sijamaliza safari mbili. Tena kwa kuwa zimetobolewa katikati, nguvu yake si sawa na ya boliti iliyojaa. Aliyeniuzia alinihakikishia kwamba nitazisahau.

Mleta uzi: Ndugu zangu, tusiiache hoja. Alisema mpira ni mpira. Aliyasema hayo akitafuna muhogo.

Mama Korosho Masasi: Baba, tumekuelewa. Hiyo kandambili ilikuwa ya mguu gani? Huenda mwenyewe bado anaitafuta.

Pwani Kilwa: Naomba msaada wa haraka. Chumvi ya bahari imenila: boliti ya shakeli imegandiana na bomba la ndani ya bushi. Nimeimwagia dizeli tangu jana na kuipiga nyundo hadi kichwa kimepinda, haisogei hata unywele. Nani ana gesi ya kukatia hapa Masoko?

Mleta uzi: Hata nati za nailoni sizioni. Ameweka za kawaida.

Mchomeleaji wa Masoko: Mkuu wa Kilwa, ninayo. Usiipige tena nyundo, utapasua sikio la springi. Lakini teremsha kwanza tangi la mafuta, kwa kuwa mimi siwashi moto karibu nalo, na uje na fedha ya gesi mkononi, maana aliyetangulia wiki iliyopita bado namdai.